KATAZO LA KUNI NA MKAA KATIKA TAASISI: KAMATI ZA USHARIKA ZIJIANDAE VIPI?

Katika ziara zetu za robo mwaka hii kwenye shule, vituo vya afya na vituo vya kulelea watoto vilivyo chini ya sharika zetu, swali moja limejitokeza karibu kila tulipofika: je, ni kweli kwamba tumekatazwa kupika kwa kuni? Na kama ni kweli, wanafunzi watakula nini wakati tukitafuta fedha za majiko mapya? Kwa kuwa maswali haya yanaulizwa na wengi, tumeona vyema tuyajibu hapa ili kamati za usharika ziwe na maelezo ya pamoja, na wafadhili wetu waelewe ni msaada gani unaohitajika kwa sasa.

KATAZO LINASEMA NINI

Mwezi Novemba 2022, katika mjadala wa kitaifa uliofanyika Dar es Salaam, Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza taasisi zinazopikia watu wengi ziache kutumia kuni na mkaa. Baadaye zikawekwa tarehe za utekelezaji: taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa kuacha ifikapo Januari 2024, na zile zinazolisha watu zaidi ya 300 ifikapo Januari 2025. Agizo linahusu taasisi za umma na za binafsi. Kwa maana hiyo shule zetu za bweni, hospitali, vyuo vya ufundi na vyuo vya Biblia vimo. Tarehe zote mbili zimeshapita.

Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034. Lengo lake ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi kupikia. Hivyo hata chekechea ya usharika yenye watoto 60, ambayo kwa hesabu ya kichwa haiguswi na agizo la taasisi, haina budi kujua kwamba mwelekeo wa nchi ni huo huo.

Kamati nyingi zimetuuliza kuhusu majiko banifu ya kuni yenye dohani, ambayo baadhi ya sharika ziliyajenga kwa gharama kubwa. Majiko hayo yalifanya kazi nzuri. Yanapunguza kuni zinazotumika na yanautoa moshi nje ya jiko. Hata hivyo bado yanachoma kuni, na agizo linataja kuni. Yachukuliwe kama daraja la kuvukia, na hakuna sababu ya kuyabomoa kabla jiko jipya halijaanza kufanya kazi.

KWA NINI MOTO HUU UNAKATAZWA

Sababu ya kwanza ni afya ya wapishi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na kati yao zaidi ya 237,000 ni vya watoto walio chini ya miaka mitano. Kwa Tanzania, makadirio yanayotumiwa na serikali ni watu 33,000 hivi kwa mwaka. Moshi wa kuni una chembe ndogo sana ambazo pua na koo haviwezi kuzizuia. Zinafika ndani kabisa ya mapafu. Kwa mtoto huleta nimonia, na kwa mtu mzima huleta kikohozi kisichopona, maradhi ya moyo na saratani ya mapafu. Mama anayepika makande ya wanafunzi kuanzia saa kumi alfajiri, miaka kumi na tano mfululizo, anabeba hatari hiyo kwa niaba ya shule nzima.

Sababu ya pili ni misitu. Takwimu za serikali zinaonyesha kwamba nchi hupoteza hekta 469,420 za misitu kila mwaka. Kilimo cha kuhamahama na ufugaji vinachangia sehemu kubwa, lakini kuni na mkaa vimo. Mkaa unatafuna miti zaidi kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu katika tanuri la udongo la kienyeji sehemu kubwa ya mti hupotea kabla mkaa haujatoka. Ili kupata tani moja ya mkaa huhitajika tani sita hadi kumi za miti. Miji ndiyo soko kuu la mkaa huo. Benki ya Dunia, katika taarifa yake ya mwaka 2009, ilieleza kwamba taifa lilikuwa likitumia takriban tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, na nusu yake ilikuwa ikichomwa Dar es Salaam peke yake.

Ni dhahiri basi kwamba sababu za katazo ni nzuri. Hata hivyo sababu nzuri pekee haziwezi kulifanya katazo litekelezeke, na hapa ndipo tunapoomba kamati zisome kwa makini.

MAKATAZO YALIYOTANGULIA YANATUFUNDISHA NINI

Wasomaji wenye umri wa kutosha watakumbuka kwamba mwanzoni mwa mwaka 2006 biashara ya mkaa ilipigwa marufuku nchini ili kuokoa misitu. Katazo hilo halikudumu. Mijini watu walibaki bila cha kupikia, bei zikapanda, na ndani ya wiki chache likaondolewa. Taarifa ile ile ya Benki ya Dunia inaonyesha kilichofuata: kati ya 2001 na 2007, kaya za Dar es Salaam zinazotumia mkaa ziliongezeka kutoka asilimia 47 hadi asilimia 71, huku zinazotumia gesi zikipungua. Mkaa ulikatazwa, lakini hakuna aliyepewa kitu cha kushika mahali pake kwa bei anayoimudu.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Mji wa London nchini Uingereza ulipitia njia hiyo hiyo, na kumbukumbu zake ni ndefu. Mwaka 1306 Mfalme Edward I alipiga marufuku mafundi wa London kuchoma makaa ya mawe, kwa sababu moshi wake ulikuwa kero kwa watu wote. Lakini kuni zilikuwa zimepanda bei, na makaa ya mawe yalikuwa yakiletwa kwa meli kwa bei nafuu. Mafundi waliendelea kuyachoma, na London iliendelea kuvuta moshi huo kwa zaidi ya miaka 600.

Mwezi Desemba 1952 hewa ya mji huo ilitulia kwa siku tano, na moshi wa majiko ya nyumbani pamoja na wa viwanda ukashindwa kupanda juu. Vifo vilivyokadiriwa mwanzoni vilikuwa 4,000. Uchunguzi wa miaka ya baadaye ulifikisha makadirio kwenye 12,000. Ndipo mwaka 1956 Bunge la Uingereza likapitisha Sheria ya Hewa Safi. Sheria hiyo iliruhusu halmashauri kutangaza maeneo yasiyoruhusiwa moshi, mtaa baada ya mtaa, na mwenye nyumba katika eneo lililotangazwa alilipwa sehemu saba za kumi za gharama ya kubadilisha jiko lake. Sehemu tatu zilizobaki alilipa mwenyewe. Nishati zisizo na moshi zilikuwapo madukani. Safari hii katazo lilishika.

Tofauti ya mwaka 1306 na mwaka 1956 haikuwa ukali wa adhabu. Mwaka 1956 kulikuwa na mbadala, kulikuwa na mpango wa hatua kwa hatua, na gharama iligawanywa kwa namna inayojulikana. Mambo hayo matatu ndiyo tunayotaka kamati zetu ziyabebe katika kuandaa maombi na bajeti. Bila hayo, hofu yetu ni kwamba moto utakaozimika kwanza ni ule wa uji wa watoto, kwa kuwa shule isiyoweza kununua gesi na isiyoruhusiwa kuni itaona ni rahisi kufuta chakula cha mchana.

TUANZE NA MIZANI

Kamati nyingi zinapotuletea maombi huandika "tunatumia lori mbili za kuni kwa muhula". Lori si kipimo. Kuni mbichi zina maji mengi, na lori la mmoja si lori la mwingine. Tunaomba kila jiko lipime kuni kwa mizani kila siku kwa wiki mbili, na kuandika idadi ya waliokula na chakula kilichopikwa.

Baada ya hapo hesabu si ngumu. Mafiga matatu hupeleka kwenye sufuria kiasi cha asilimia 10 hadi 15 tu ya joto la kuni. Lililobaki hupotelea hewani. Jiko banifu hupeleka kama asilimia 30. Jiko la gesi hupeleka zaidi ya nusu, na kilo moja ya gesi ina joto karibu mara tatu ya kilo moja ya kuni kavu. Kwa hiyo:

- Kilo 1 ya gesi hufanya kazi ya kilo 12 hadi 14 za kuni kavu kwenye mafiga.
- Kilo 1 ya gesi hufanya kazi ya kilo 5 hadi 6 za kuni kavu kwenye jiko banifu.
- Kilo 1 ya gesi hufanya kazi ya kilo 4 hivi za mkaa.

Tuchukue mfano. Jiko linalotumia kilo 200 za kuni kwa siku kwenye mafiga litahitaji kama kilo 15 za gesi, hivyo mtungi mkubwa wa kilo 38 utadumu siku mbili na nusu. Lakini ikiwa kilo hizo 200 zinachomwa kwenye jiko banifu, litahitaji kama kilo 36, maana yake karibu mtungi mmoja kila siku. Kamati mbili zinaweza kuwa na rundo la kuni linalolingana, na bado bajeti zao za gesi zikapishana zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana hatupokei tena maombi yasiyo na vipimo.

Kabla ya kubadilisha chochote, kuna akiba isiyohitaji mfadhili. Maharage na mahindi ya makande yakilowekwa usiku kucha huiva kwa muda mfupi zaidi. Sufuria ikifunikwa kwa mfuniko unaokaa sawasawa, joto halipotei. Mambo haya yanapunguza kuni leo, na kesho yatapunguza gesi.

MBADALA UPI UNAFAA WAPI

Hakuna mbadala mmoja unaofaa kila mahali. Tunatoa maelezo mafupi kwa kila mmoja.

Gesi ya mitungi. Inafaa taasisi nyingi zilizo karibu na barabara inayopitika mwaka mzima. Swali la kujiuliza ni hili: wakati wa masika, gari la gesi litafika? Kama jibu ni hapana, ni lazima pawe na mitungi ya akiba.

Umeme. Sufuria za presha za umeme hutumia umeme kidogo kuliko wengi wanavyodhani, hasa kwa vyakula vigumu kama maharage. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limeongeza sana umeme wa gridi. Lakini shule iulize kwanza kama nyaya za jengo na transfoma ya eneo vinabeba mzigo huo. Kwa zahanati na chekechea ndogo, njia hii ina matumaini.

Bayogesi. Inafaa penye ng'ombe wa ndani na maji ya uhakika. Tuseme ukweli kuhusu kiasi chake: samadi ya ng'ombe kumi wanaolishwa zizini hutoa gesi inayolingana na kilo moja na nusu hadi mbili za gesi ya mtungi kwa siku. Itachemsha chai na uji wa kituo kidogo, na mbolea yake ni nzuri kwa migomba. Haitaivisha makande ya wanafunzi 500 peke yake.

Mkaa mbadala. Upo unaotengenezwa kwa mabaki ya mimea, na upo wa vumbi la makaa ya mawe unaotengenezwa na Shirika la Madini la Taifa (STAMICO). Unahifadhi miti na gharama ya kuanzia ni ndogo. Lakini nao unawaka, na hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Usitumike kamwe katika jiko lisilo na dohani na madirisha ya kutosha.

Gesi asilia ya bomba ipo katika baadhi ya maeneo ya Dar es Salaam, Lindi na Mtwara. Kwa taasisi zilizo karibu na bomba ni vema kuuliza. Kwa wengine isiingizwe katika mipango kwa sasa.

GESI NAYO INA MASHARTI YAKE

Wapishi wetu wamezoea moto unaoonekana na unaojitangaza kwa moshi. Gesi haiko hivyo. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hukaa chini sakafuni ikisubiri cheche. Kwa sababu hiyo tunaweka masharti yafuatayo kwa kila mradi unaopitia ofisi yetu:

1. Mitungi ikae nje ya jengo, imesimama wima, ndani ya kizimba chenye kufuli na kinachopitisha hewa hadi chini.
2. Ukuta wa jiko uwe na matundu ya hewa karibu na sakafu, na si juu peke yake.
3. Pasiwe na mafiga, jiko la mkaa, mshumaa, kibatari wala sigara karibu na mitungi. Kuendelea kupika kwa kuni katika chumba hicho hicho "kwa muda tu" hakuruhusiwi.
4. Viungio vikaguliwe kila wiki kwa povu la sabuni. Penye mapovu yanayokua, gesi inavuja. Ni marufuku kutafuta mvujo kwa kiberiti.
5. Ikisikika harufu ya gesi, funga mtungi, fungua milango, toa watu, usiguse swichi yoyote ya umeme. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na iandikwe ukutani.
6. Mtungi upimwe kwa mizani unaponunuliwa. Kilo mbili zinazopungua ni chakula cha watoto kinachopungua.

Mafunzo ya wapishi yafanyike kabla mtungi wa kwanza haujafunguliwa, na yahusishe pia mlinzi na mwalimu wa zamu, kwa kuwa hao ndio watakaokuwepo usiku.

NANI ALIPE NINI

Hapa tunapenda kusema wazi, kwa kamati na kwa wafadhili. Gharama za kubadilisha jiko ziko za aina mbili. Ya kwanza hulipwa mara moja: majiko, mabomba, kizimba, matundu ya hewa, mitungi ya akiba na mafunzo. Ya pili hulipwa kila mwezi: gesi au umeme wenyewe, pamoja na matengenezo.

Msimamo wetu ni kwamba msaada wa nje uelekezwe kwenye gharama ya kwanza, na usharika pamoja na wazazi wabebe ya pili. Mradi ambao gesi yake inanunuliwa na mfadhili utasimama siku mfadhili atakaposimama, na kuni zitarudi jikoni usiku huo huo. Kwenye gharama ya kwanza pia tunaomba usharika uchangie sehemu yake, kwa fedha au kwa matofali, mchanga na ufundi. Kamati iliyochangia jiko hulilinda.

Wako pia ndugu zetu wanaoishi kwa kuuza kuni na mkaa, na wengi wao ni washarika wetu wanaotoa sadaka kila Jumapili kutokana na biashara hiyo. Haitoshi kuwaambia waache. Sharika zenye mashamba ya miti ziangalie uwezekano wa kuwashirikisha katika vitalu vya miche, ufugaji wa nyuki na uuzaji wa mbao na nguzo, ambazo zina thamani kubwa kuliko kuni. Aidha, kijana aliyekuwa akileta kuni kwa pikipiki anaweza kufundishwa kusambaza na kupima mitungi.

TUNACHOOMBA KWA SASA

Kwa kamati za usharika zenye taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100, tunaomba mambo manne yafanyike kabla ya toleo lijalo: kupima kuni kwa wiki mbili, kuandika gharama halisi ya kuni kwa muhula uliopita, pamoja na usafiri na upasuaji, kuitisha kikao cha wazazi kueleza hesabu hizo bila kuficha, na kututumia muhtasari uliosainiwa na mwenyekiti wa kamati na mkuu wa taasisi. Maombi yatapangwa kwa kuzingatia idadi ya wanaokula, hali ya jiko lililopo na mchango wa usharika.

Kwa wafadhili wetu, tunawashukuru kwa subira mliyoonyesha mlipouliza kwa nini hatukuleta maombi ya majiko kwa haraka. Tulitaka kwanza kujua kila jiko linahitaji nini na nani atalipia gesi ya mwezi wa saba, baada ya picha za uzinduzi kupigwa. Vipimo vikifika tutawaletea orodha ya taasisi moja moja, kila moja ikionyesha gharama ya mara moja, sehemu iliyotolewa na usharika, na bajeti ya mwezi iliyokubaliwa na wazazi.

Mpaka hapo, chakula cha mchana kisifutwe katika shule yoyote ya usharika kwa sababu ya jambo hili. Shule iliyofika mahali pagumu iwasiliane na ofisi ya miradi mapema, kabla ya kufunga jiko.